Kibali cha kuongeza vyumba nyumbani: tathmini ya huduma ya manispaa

Mwaka jana familia yetu iliamua kuongeza vyumba viwili, bafu na kibaraza upande wa nyuma wa nyumba ambayo marehemu baba aliijenga Dar es Salaam mwaka 1994. Sababu ilikuwa mama. Magoti yake hayamruhusu tena kutembea gizani hadi choo cha uani, na vyumba vya ndani vimejaa wajukuu. Fundi aliyewahi kutujengea uzio alitushauri tuanze mara moja, kwa maelezo kwamba kuongeza chumba ndani ya kiwanja chako mwenyewe hakumhusu mtu mwingine. Mimi niliona kuwa nyumba atakayolala mama yangu inastahili kutazamwa na mtu ambaye hatalipwa kwa kuimaliza haraka. Hii ni tathmini ya huduma niliyoipata tangu siku nilipoanza kutafuta kibali cha ujenzi, na niseme mapema kwamba kwa maoni yangu huduma hii inafaa kufuatwa kwa sababu ya kazi inayofanyika kiwanjani, ingawa kazi inayofanyika dirishani bado inamchosha mwananchi pasipo ulazima.

Kwanza niiondoe dhana aliyokuwa nayo fundi wetu, kwa kuwa nimeisikia kwa watu wengi, wakiwemo wasomi. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 haimwangalii anayejenga nyumba mpya peke yake. Ndani ya eneo la mipango miji, uendelezaji wa ardhi unahitaji ridhaa ya mamlaka ya mipango, na kuongeza vyumba, kupandisha ghorofa au kubadili matumizi ya jengo ni uendelezaji. Kupaka rangi na kuziba nyufa za plasta hakumo. Anayepuuza hujikuta na notisi ya kusimamisha ujenzi, na wakazi wa jiji hili wanaijua vizuri ile alama ya X nyekundu ukutani. Tena nyongeza ina hatari yake ya pekee, kwa sababu uzito mpya unaegemezwa kwenye jengo ambalo aliyelijenga pengine hayupo tena kueleza alichofukia chini ya ardhi.

Hatua iliyotuchukua muda mrefu kuliko zote haikuwa ya ujenzi hata kidogo. Maombi ya kibali yanataka uthibitisho wa umiliki wa kiwanja, na hati yetu ilikuwa bado na jina la baba, aliyefariki miaka sita kabla. Hakuna kati yetu aliyekuwa na ugomvi na mwenzake, na ni kwa sababu hiyo hasa hatukuwahi kufungua mirathi. Ikabidi kikao cha ukoo kikae, muhtasari uandikwe, shauri lifunguliwe Mahakama ya Mwanzo, tangazo litolewe ili mwenye pingamizi ajitokeze, nami niteuliwe kuwa msimamizi. Baada ya hapo ndipo nilipoweza kupeleka nyaraka kwa Msajili wa Hati ili jina langu, kwa nafasi ya usimamizi, liingizwe. Kazi hiyo ilikula miezi mitatu na nusu.

Siilaumu manispaa kwa kulidai jambo hili. Kupokea maombi ya mtu asiye na mamlaka juu ya kiwanja kungempa ndugu mmoja nafasi ya kujenga juu ya haki ya wengine, na sote tunazijua familia zilizovunjika kwa namna hiyo. Ninacholalamikia ni kwamba nilipofika mara ya kwanza kuuliza mahitaji, niliambiwa nilete nakala ya hati, na hakuna aliyeniuliza hati hiyo ina jina la nani. Swali hilo moja lingenionyesha njia ya mahakamani siku ile ile, badala ya wiki tano baadaye, nikiwa tayari nimemlipa mchora ramani.

Pamoja na hati walitaka uthibitisho kwamba kodi ya pango la ardhi imelipwa. Hapa wengi huchanganya. Kodi ya majengo, ambayo tangu mwaka 2021 inakatwa tunaponunua umeme wa LUKU, ni kodi nyingine kabisa, na kukatwa kwake kila mwezi hakuthibitishi kwamba pango la kiwanja limelipwa wala kwamba jengo lina kibali. Kwetu pango lilikuwa na malimbikizo ya miaka minne, na hakuna aliyekuwa akijua.

Mchora ramani niliyemtaja alikuwa kijana mwenye kompyuta karibu na duka la vifaa vya ujenzi. Alituchorea picha ya kupendeza, yenye rangi, maua na gari mbele ya nyumba, lakini haikuwa na mchoro wa msingi wala umbali kutoka mipaka ya kiwanja. Ilikataliwa, na ilistahili kukataliwa. Manispaa yetu ilitaka michoro ya usanifu yenye muhuri wa mbunifu majengo aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, na michoro ya uimara kutoka kwa mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Michoro hiyo inapaswa kuonyesha mpangilio wa vyumba, mkato wa jengo, sura zake za pande zote, msingi na paa. Namba ya kiwanja na jina la mmiliki. Sehemu ya kiwanja itakayofunikwa na majengo. Umbali wa kila ukuta kutoka mpakani. Na mfumo wa maji taka pamoja na mashimo yake. Kwa anayeongeza vyumba kuna jambo moja la ziada ambalo maelekezo ya jumla hayalisisitizi: nyumba ya zamani nayo lazima ichorwe, kama ilivyo sasa, siyo kama ilivyokusudiwa siku ile ilipoanzwa.

Mbunifu wa pili, mama mmoja mtu mzima, alikuja na futi kamba na msaidizi, akapima nyumba nzima kuanzia asubuhi hadi alasiri, kwa sababu mchoro wa awali wa baba haukupatikana popote. Kila alipoingia chumba alibisha hodi, hata vyumba ambavyo havikuwa na mtu. Kwenye karatasi yake kuta za zamani alizichora kwa mistari myepesi na kuta mpya kwa mistari mizito, hata mama, ambaye hajawahi kusoma ramani, aliweka kidole palepale kitanda chake kitakapokaa.

Tulikuwa na wazo la kumwaga zege juu ya sehemu mpya na kuiunganisha na jiko la zamani, ili siku moja tupandishe ghorofa. Mhandisi hakubishana nasi. Aliwaomba vijana wawili wachimbe shimo kwenye kona ya jiko, pembeni mwa ukuta. Walipofika kina cha magoti tu, msingi ukaishia hapo. Mhandisi, mtu wa makamo mwenye shati la mikono mirefu lililopigwa pasi, alipiga magoti kwenye udongo, akapenyeza mkono chini ya mawe ya msingi, akautoa ukiwa umejaa mchanga mkavu uliokuwa ukichuruzika kati ya vidole vyake.

“Dada,” aliniambia, “baba yako alijenga nyumba ya chini, tena aliijenga vizuri. Hakujenga nyumba ya kubeba nyumba nyingine.”

Akaamua kwamba sehemu mpya itasimama kwa msingi wake yenyewe, wenye mkanda wa zege na nondo, na kwamba kati ya ukuta wa zamani na ukuta mpya iachwe nafasi ndogo itakayojazwa kitu laini, ili jengo jipya linapotulia ardhini lisiuburuze ukuta wa baba na kuupasua. Fundi wetu alikuwa amekusudia kuchoma nondo ndani ya ukuta wa zamani na kuunganisha kila kitu kuwa kimoja. Ninaandika hili kwa kirefu kwa sababu gharama za wataalamu ndizo zinazowafanya watu wengi waukimbie utaratibu huu, na mimi pia nilizinung'unikia. Ila tangu siku ile nilipoona mchanga ule sijanung'unika tena.

Maombi yenyewe yanaanzia mtandaoni, kwenye mfumo wa Tausi ulio chini ya TAMISEMI, yaani Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa, ule ule unaotumiwa kuombea leseni za biashara. Mfumo si mgumu kwa mtu aliyezoea simu janja, mradi awe na namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA) na nyaraka zake zimepigwa picha zinazosomeka. Faida yake kubwa niliyoiona ni kwamba malipo yote yanakwenda kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, benki au kwa simu, na hakuna mtu anayepaswa kupokea fedha taslimu mkononi. Nje ya geti la ofisi walikuwepo vishoka waliojua jina la kila afisa, na mmoja wao aliniambia kwa upole mkubwa kwamba jalada langu linaweza kuruka foleni. Nilimkatalia. Sikuhitaji ujasiri wowote kufanya hivyo, kwa kuwa ankara ilikuwa tayari kwenye simu yangu, yenye kiasi kilichoandikwa, na nilijua ninalipa nini.

Tatizo lilikuja pale jalada lilipoanza kupita kwa wahusika. Michoro huchunguzwa na watu wa fani mbalimbali: kuna anayeangalia miliki na matumizi ya kiwanja, anayeangalia usanifu, anayeangalia uimara, anayeangalia afya na maji taka, na zimamoto pia ina sehemu yake. Mgawanyo huo ninaukubali kabisa. Nisichokikubali ni kurudishiwa maombi yale yale mara tatu kwa makosa matatu ambayo yote yalikuwemo tangu siku ya kwanza. Mara ya kwanza niliambiwa jina kwenye michoro halifanani na jina la usimamizi kwenye hati. Baada ya siku kumi na mbili nikaambiwa mchoro hauonyeshi njia ya maji ya mvua. Baada ya wiki mbili nyingine ikaonekana kwamba ukurasa mmoja wa mhandisi haukuwa na muhuri. Kila mara mbunifu alirekebisha kwa siku moja au mbili, na kila mara maombi yalirudi mwisho wa foleni. Dirishani nilikutana na watumishi wenye lugha nzuri, hasa binti mmoja aliyenikalisha kwenye kiti chake aliponiona nimechoka, lakini wema wake haukuweza kufupisha safari ya jalada. Ofisi ambayo ingemwandalia mwombaji orodha moja ya kasoro zote kwa mara moja ingekuwa imempunguzia wiki kadhaa, bila kulegeza sharti hata moja.

Halafu wakaja kiwanjani, na hapo ndipo huduma ilipobadilika sura kabisa.

Walikuja watatu: afisa mipangomiji, afisa afya na fundi sanifu wa ofisi ya mhandisi. Jambo la kwanza walilotaka kuona halikuwa nyumba bali mawe ya mpaka. Tatu yalionekana kirahisi. La nne, upande wa nyuma, lilikuwa limefunikwa na kifusi cha miaka mingi, na fundi sanifu alilitafuta kwa jembe hadi akalipata, kisha akasafisha namba yake kwa kiganja. Wakapima kutoka kwenye jiwe hilo. Ikabainika kwamba uzio wetu haukufuata mpaka, bali ulipinda kuelekea kwa jirani, na kwamba pale mchoro ulipoandika mita 1.5 kati ya ukuta mpya na mpaka, ukweli wa ardhini ulikuwa mita 1.1. Mbunifu wetu alikuwa amepima kutoka kwenye uzio, kama ambavyo mtu yeyote angefanya.

Nilitegemea kusikia kwamba ombi limekataliwa. Badala yake afisa mipangomiji alikaa kwenye kigoda cha jikoni, akaitandaza ramani juu ya mapaja yake, akanieleza kwamba umbali ule una kazi: ndimo hewa inamopita, ndimo mtu wa kuzima moto atakamopita, na ndimo jirani naye anamopata mwanga wa dirisha lake. Akapendekeza tuupunguze upana wa chumba cha mama kutoka mita 3.6 hadi 3.2 na tuuhamishe mlango wa bafu. Mama, aliyekuwa amesimama mlangoni, aliuliza kama kiti chake cha kukunja kitaingia. Wakakipima kiti.

Afisa afya alitumia muda wake wote kwenye karo, yaani shimo la maji taka. Nyumba yetu haijaunganishwa na bomba la majitaka, hivyo tunategemea shimo lililochimbwa tangu wakati wa baba, na kona ya chumba kipya ilikuwa ipite hatua moja tu kutoka kwenye mfuniko wake. Aliugonga mfuniko kwa ncha ya kiatu, akasikiliza, akaugonga tena. Alisema kwamba shimo la umri ule, lenye kuta za tofali, halipaswi kuwa jirani na msingi mpya, kwa sababu udongo unaolizunguka umelowa kwa miaka thelathini na hautabeba uzito sawasawa na udongo mwingine. Sharti lake lilikuwa shimo jipya upande wa mbele, mahali ambapo mpira wa gari la kunyonya maji taka utafika, na la zamani linyonywe, lisafishwe na lifukiwe kwa kushindiliwa. Lilituongezea gharama ambayo hatukuwa tumeipanga. Wakati vijana walipolifungua shimo lile wiki chache baadaye, ukuta wake wa ndani, upande ule ule wa chumba kipya, ulikuwa umeshaporomoka.

Ziara nzima haikuchukua hata muda wa saa mbili. Katika muda huo nilipata ushauri wenye thamani kuliko wiki zote za kufuatilia jalada, na ninawasifu watumishi wale watatu kwa moyo wangu wote. Kibali kilitoka siku tisa baada ya michoro iliyorekebishwa kupokelewa. Tangu kuwasilisha maombi hadi kukipata ilikuwa imepita miezi miwili na siku chache, ukiacha ile miezi ya mirathi.

Udhaifu mkubwa zaidi niliuona baada ya kibali, na hapa sina budi kusema wazi. Mjenzi anaelekezwa kuijulisha ofisi katika hatua mbalimbali za ujenzi ili mkaguzi aje: mtaro wa msingi unapokuwa wazi, nondo zinapokuwa zimefungwa kabla ya zege, na kuendelea hadi juu. Kwenye msingi tulisubiri siku nne, mafundi wakilipwa posho ya kukaa, na mkaguzi akaja, akakagua kina na nondo kwa uangalifu, akasaini. Kwenye lenta, ule mkanda wa zege unaopita juu ya milango na madirisha, nilipiga simu mara tano na kupeleka barua, na hakuna aliyekuja. Mafundi walitaka kumwaga zege, mvua ilikuwa ikinyemelea, nami nikamlipa mhandisi wetu aje siku hiyo hiyo. Alikuta nondo mbili zimewekwa fupi kwenye kona, hazikupishana vya kutosha, akazifanya zifumuliwe. Je, mwenye nyumba asiyekuwa na uwezo wa kumlipa mhandisi kwa mara ya pili angefanya nini?

Jiji hili limeshalipa gharama ya majengo yasiyosimamiwa. Machi 29, 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa mtaa wa Indira Gandhi liliporomoka na kuua watu 36, na Novemba 16, 2024, Kariakoo ilizika tena watu wake baada ya jengo la ghorofa kuanguka. Najua chumba cha mama si ghorofa 16. Lakini lenta iliyo juu ya kichwa chake ni zege na nondo vilevile, na karatasi yenye muhuri haiwezi kukagua nondo iliyokwisha kufunikwa. Ofisi iliyoweza kutuma watu watatu kabla ya kibali ingeweza kutuma mmoja baada yake.

Kwa anayefikiria kuanza, ningemshauri asimlipe mchoraji kabla ya kuangalia jina lililo kwenye hati, na kabla hata ya kununua tofali atafute mawe yake ya mpaka, yote manne, ayafukue na kupima kutoka hapo. Aulize pia, tangu siku ya kwanza na kwa maandishi, ni kasoro gani zote zinazoonekana kwenye jalada lake. Huduma ya ukaguzi wa kiwanja naipa alama za juu kabisa. Huduma ya jalada naipa alama za wastani, na ukaguzi wa wakati wa ujenzi siwezi kuupa zaidi ya nusu, kwa kuwa nusu ndiyo niliyoipata.

Sasa rangi imekauka, bomba la bafu linatoa maji, na kitanda kimetandikwa shuka jipya alilolileta dada yangu kutoka Tanga. Ombi la ukaguzi wa mwisho, ule unaoruhusu jengo litumike, niliwasilisha mwanzoni mwa mwezi huu, na nimepewa tarehe ya wiki ijayo. Mama ameelewa kwamba bado hatujaruhusiwa kulala humo. Usiku analala chumba cha mbele pamoja na wajukuu, na kila asubuhi, jua likishapanda kidogo, anakibeba kiti chake cha kukunja hadi kwenye kibaraza kipya na kukaa hapo akichambua mchicha.